Maua ya bei nafuu ya supamaketi: uzoefu wangu wa kuyapanga yawe shada la heshima

Maua ya supamaketi, yale yanayosimama kwenye ndoo karibu na mlango au pembeni mwa kaunta za malipo, ni bidhaa nzuri iliyofungwa vibaya. Huo ndio msimamo wangu baada ya miaka mingi ya kuyanunua, kuyafungua, kuyapanga upya na kuyaweka mezani kwangu na kwa watu ninaowapenda. Waridi la ndoo halina aibu yoyote mbele ya waridi la duka maalumu la maua. Kinacholishushia hadhi ni kundi lilimowekwa: rangi tano zinazogombana, vikonyo vyote vimekatwa kimo kimoja, majani mawili matatu ya kujazia, kisha nailoni yenye michoro mikubwa kuliko ua lenyewe. Yote hayo unayaondoa nyumbani kwa mkasi mkali na muda kidogo wa utulivu.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia pale pale dukani: pita mbali na mafungu ya mchanganyiko. Yanavutia kwa sababu yanaonekana yamekamilika, ila ukilifungua moja utakuta ua la maana ni moja au mawili, yaliyobaki ni vijazio. Nunua mafungu ya aina moja. Mawili ya ua moja lenye rangi moja, pamoja na fungu moja la majani, yanatosha kutengeneza shada ambalo wageni watakuuliza umeliagiza wapi. Kama una mti au kichaka chenye majani mazuri nyumbani, hata hilo fungu la tatu si lazima.

Kagua kabla ya kulipa. Mawaridi mimi huyabonyeza taratibu pale petali zinapokutana na kikonyo: yakiwa magumu bado yana siku za kuishi, yakibonyea nayaacha. Petali ya nje iliyochubuka au yenye ukingo wa kijani isikutishe, hiyo ni ya ulinzi tu na utaing'oa. Krisanthemamu zitazame majani kwanza, maana majani hugeuka njano na kulegea wakati maua yenyewe bado yanaonekana mazima. Maua yenye kitovu katikati, kama jebera, kitovu kinatakiwa kiwe kimebana. Kikishaanza kutoa unga wa chavua, sehemu kubwa ya umri wa ua imeshapita. Inua fungu uone ncha za vikonyo. Zikiteleza na kutoa harufu, maji ya ndoo yamejaa bakteria na mirija ya ua imeanza kuziba. Tazama pia ndoo imewekwa wapi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua haraka, kwa hiyo ndoo iliyosogezwa ubavuni mwa rafu ya matunda mimi naipita. Na ua lililopuliziwa rangi au kunyunyiziwa vumbi la kumetameta silinunui hata likipunguzwa bei; hakuna mpangilio utakaolirudishia uso wake.

Sasa nizungumzie maua yenyewe, kwa sababu hayalingani kwa thamani hata yakiuzwa bei sawa.

Kaneshini ndiyo malkia wa ndoo, na nasikitika kila ninapoona watu wanaipita. Wengi wameizoea ikiwa moja moja, imesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, katikati ya jipsofila, vile vijiua vidogo vidogo vya kujazia. Hapo ni kweli haina mvuto. Lakini zikate fupi, uzikusanye kumi au kumi na mbili za rangi moja mpaka petali zigusane, na utapata uso mmoja mpana uliokunjwakunjwa kama hariri, ambao jicho halitambui tena kuwa ni kaneshini. Za rangi ya krimu, za rangi ya waridi iliyofifia na zile nyekundu za damu ya mzee ndizo zinazofanya kazi hii vizuri zaidi. Zikitunzwa hudumu wiki mbili, mara nyingine zaidi. Kata kikonyo chake katikati ya vifundo viwili, si juu ya kifundo chenyewe, ili maji yapande bila shida. Adui yake mkubwa ni ile ethilini niliyoitaja: petali hujikunja kwa ndani kana kwamba ua limelala, na likishalala haliamki. Bakuli la matunda na chombo cha kaneshini visikae meza moja.

Nafasi ya pili naipa alstromeria, ua lenye asili ya Amerika Kusini. Kila kikonyo kina matumba kadhaa yanayochanua kwa zamu, hivyo shada linabadilika sura huku likibaki hai kwa wiki mbili hivi. Majani yake hujipinda hata upande wa chini ukatazama juu, jambo ambalo bado linanifurahisha kila nikiliona, lakini ndiyo yanayogeuka njano kwanza, kwa hiyo nayapukuta yote. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Kama mikono yako ni myepesi kuwashwa, vaa glavu.

Krisanthemamu za matawi zina faida ambayo wengi hawaitumii. Kikonyo kimoja hubeba maua kadhaa, na ukikata kila tawi pale linapoungana na shina, fungu dogo linageuka kuwa rundo. Nyeupe na za kijani ndizo ninazozipenda. Jipsofila nayo niliwahi kuiona kijazio tu mpaka nilipoiona ikiwa peke yake, mafungu matatu yamekusanywa kwenye chombo kifupi. Tangu hapo siichanganyi na ua lingine. Ikitawanywa katikati ya mawaridi inalifanya shada lionekane la haraka haraka, ikiachwa yenyewe ni wingu.

Tulipu zinahitaji mtu anayezielewa. Huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa na huinama kuelekea kwenye mwanga, kwa hiyo shada ulilolipanga jana si lile utakalolikuta kesho. Mimi huzipanga peke yake na kuziacha zicheze. Jebera zipe maji machache, vidole vitatu vinatosha, kwani vikonyo vyake laini vyenye manyoya huoza upesi vikizama sana. Lili ni nzuri na ziko karibu kila supamaketi, lakini kwa nyumba yenye paka jibu ni hapana: kila sehemu yake ni sumu kali kwa figo za paka, mpaka chavua na maji ya chombo. Kwa nyumba isiyo na paka, ng'oa stameni, vile vijiti vya katikati vyenye chavua, mara tu ua linapofunguka, kabla unga haujaanza kudondoka na kutia madoa kwenye kitambaa.

Na mawaridi? Ndiyo yanayonunuliwa zaidi na ndiyo yanayonipa alama za kupanda na kushuka. Mafungu mengine hukatwa yakiwa machanga mno na hayafunguki kamwe. Shingo inainama na hadithi inaishia hapo. Ikiinama mapema, mara nyingi ni hewa imeziba njia ya maji. Kata upya, funga waridi kwenye karatasi ili shingo isimame, litumbukize kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika juu kwenye kikonyo, kisha uliache saa moja au mbili. Mengi yananyanyuka. Duka moja lilinipa fungu lenye ukungu wa kijivu ndani, uliofichwa vizuri na ile nailoni, na hilo halina tiba. Tangu siku hiyo nafungua nailoni kidogo na kutazama katikati kabla ya kulipa.

Lakini waridi zima la bei nafuu lina siri moja ninayoithamini kuliko zote. Likishaanza kufunguka, livuvie pumzi ya uvuguvugu, shika petali ya nje kwa vidole viwili, weka kidole gumba kwenye tako lake, kisha uigeuze nje taratibu. Fanya hivyo kwa safu mbili au tatu, ukiacha kiini kikiwa kimefumba. Waridi jembamba la ndoo linakuwa pana na lenye sura ya waridi la bustani. Matatu yaliyofanyiwa hivi yanabeba shada zima.

Matayarisho yana raha ndogo kuliko kupanga, lakini bila hayo kupanga ni kupoteza muda. Chombo kioshwe kwa sabuni mpaka king'ae. Majani yote yatakayozama ndani ya maji yaondolewe, kwa sababu yakioza ndiyo chakula cha bakteria. Kila kikonyo kikatwe mshazari, sentimita mbili au tatu, na kiingie majini mara moja. Ile pakiti ndogo ya chakula cha maua inayobandikwa kwenye fungu watu huitupa, nami nawaomba waache. Ndani yake kuna sukari ya kulisha ua, asidi ya kusaidia maji kupanda, na dawa ya kuzuia bakteria, na vitatu hivyo hufanya kazi pamoja. Sukari ukiiweka peke yake unawalisha bakteria. Pima maji kama pakiti inavyoelekeza. Kisha yaache maua yanywe kwa saa kadhaa mahali penye baridi na kivuli, ikiwezekana usiku kucha.

Kwenye kupanga, jambo lililobadilisha mashada yangu kuliko yote ni kukata fupi. Mtu anauona urefu wa kikonyo kama mali aliyoilipia na mkono unasita. Usisite. Ua fupi lililokaa karibu na mdomo wa chombo lina utulivu ambao ua refu linalopepesuka haliwezi kuupata. Wanaotaka shada refu wana kanuni ya zamani: kimo cha maua juu ya chombo kiwe mara moja na nusu ya kimo cha chombo. Inafaa, lakini kwa meza ya kulia mimi nabaki chini, watu waonane.

Chombo chenye mdomo mpana ndicho kinachowakatisha watu tamaa, maana kila kitu kinaangukia pembeni. Bandika vipande vyembamba vya selotepu juu ya mdomo, vikikatana kama nyavu, na kila kikonyo kitasimama kwenye tundu lake. Kipande cha wavu wa kuku kilichoviringishwa na kusukumwa ndani kinafanya kazi hiyo hiyo na hutumika miaka. Ile sifongo ya kijani ya wauza maua siipendekezi: ni plastiki, hubomoka kuwa chembe ndogo ndogo, na maua mengi hudumu zaidi yakisimama moja kwa moja ndani ya maji. Wajapani kwenye ikebana, sanaa yao ya kupanga maua, hutumia kenzani, kibao kizito cha miiba ya chuma, na kwa mtu mwenye maua machache sana hiyo ndiyo ununuzi wa busara. Vikonyo vitatu tu, kila kimoja na kimo chake na mwelekeo wake, vinajaza meza.

Anza na majani ili yachore umbo, fuatisha maua makubwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, malizia na madogo. Maua makubwa yasipangwe kwa umbali sawa. Yaweke mawili karibu na moja mbali kidogo, mengine chini zaidi, moja likitazama pembeni. Zungusha chombo kila baada ya kuongeza ua. Kwa shada la kushika mkononi, laza kila kikonyo mshazari juu ya mwenzake, vyote vikielekea upande mmoja, huku ukiligeuza shada kidogo kidogo. Ukifunga kamba pale vinapokutana na kusawazisha chini, litasimama lenyewe mezani. Mkono hujifunza polepole, basi anza na kaneshini, zinavumilia kushikwashikwa.

Kuhusu rangi nina ukali kidogo. Rangi moja kwenye vivuli vyake tofauti, pamoja na kijani, itapendeza daima. Rangi mbili zinahitaji sababu. Tatu na kuendelea ziache kwa mtu mwenye bustani nzima ya kuchagulia. Constance Spry, mpangaji wa maua wa Uingereza aliyefungua duka lake London mwaka 1929, alijipatia jina kwa kuchanganya maua na majani ya mboga, nyasi na mimea ya porini, na matajiri wakapanga foleni kumwajiri. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani umaridadi huja na risiti ndefu.

Baada ya hapo ni kubadilisha maji kila siku mbili, kukata vikonyo kidogo tena, na kuondoa ua lililochoka kabla halijawavuta wengine. Shada likipungua, hamishia yaliyobaki kwenye chombo kidogo zaidi.

Kwa sherehe kubwa inayotaka rangi maalumu kwa tarehe maalumu, agiza kwa mtaalamu, kwa sababu supamaketi haikuahidi kitu na ndoo ya leo inaweza isiwepo kesho. Kwa meza ya nyumbani, zawadi ya mgonjwa, mapokezi ya mgeni au ofisi inayohitaji uhai kidogo, natoa nyota nne kati ya tano bila kusita. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja: mafungu mengi hayaonyeshi yalifika dukani lini, na mnunuzi anaachiwa kubahatisha. Waulize wahudumu mzigo mpya huingia siku gani, kisha uende siku hiyo asubuhi.