Kitabu cha mtumba cha shilingi 350: mashairi ya Waingereza wa kale

Nimekuwa mpishi melini miaka 22, kwa hiyo mkiniona nasifu kitabu cha mashairi ya Kizungu, jueni si kawaida yangu. Nilikiokota kwenye kibanda cha vitabu vya mtumba upande wa Mwembe Tayari, nikitoka kununua dawa ya presha. Alianza na 500, tukapatana 350. Muuzaji, kijana mwenye mdomo, aliniita nahodha na kuapa kuwa kitabu ni kizima. Sikuwa nahodha, na kitabu hakikuwa kizima.

Ni mashairi ya Waanglo-Saksoni yaliyofasiriwa kwa Kiingereza cha leo, maana kile chao cha asili hata Mwingereza wa sasa hakisomi mpaka afundishwe. Watu hawa walivuka bahari kutoka pande za Denmark na Ujerumani ya kaskazini katika karne ya 5, tungo zao wakiwa nazo kichwani. Vitabu vilikuja na watawa, baada ya ujumbe wa Papa kufika kutoka Roma mwaka 597. Ndiyo maana utamkuta shujaa wa zamani za kipagani anapigana na zimwi, na mtunzi hapo hapo anamshukuru Mungu. Huo ni utenzi wa Beowulf, mistari 3,182, na kichekesho ni kwamba mambo yote yanatokea Denmark na Sweden; Uingereza haimo. Niliumaliza, ingawa hotuba zao ni ndefu kuliko za harusi.

Lililonishika ni shairi la baharia. Yuko zamu ya usiku omoni, chombo kinapita karibu na majabali, miguu imefungwa na jalidi, mvua ya mawe inamchapa, na badala ya kicheko cha watu anasikia ndege wa baharini. Mimi nimepita Bahari ya Kaskazini mwezi wa Januari. Nilitoka jikoni kumwaga maji, kiganja kikaganda kwenye chuma cha mlango. Sasa huyu bwana, baada ya mateso yote hayo, moyo bado unamdai safari! Nilimpa mke wangu asome ukurasa huo. Akanirudishia kitabu bila neno.

Vina hakuna. Mtu wa Mombasa aliyelelewa na tungo za Muyaka atasumbuka kidogo hapo. Mstari umekatwa vipande viwili, kama ukwapi na utao wetu, ila kinachovifunga ni sauti za mwanzo za maneno yenye mkazo: zinafanana. Nilijaribu barazani, kwenye kahawa: “Baridi ya bahari, baharia bubu.” Mzee mmoja akaniuliza kina nimekisahau nyumbani? Lakini mafumbo ya Waanglo-Saksoni wenzangu wa barazani waliyapenda. Bahari wanaiita njia ya nyangumi, na mwili nyumba ya mifupa. Hilo la pili tumelichukua moja kwa moja; mwenzetu akilalamikia magoti, tunamuuliza nyumba ya mifupa inaendeleaje.

Kuna na vitendawili, vingine vya kusomwa watoto wakishalala. Vimetoka katika hati aliyoiachia kanisa kuu la Exeter Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072. Kimoja ni cha nondo anayekula maneno, akashiba, asipate hekima hata chembe. Nondo wa nakala yangu alikuwa amekula kurasa sita.

Nikarudi kibandani nimefura. Nikamwonyesha matundu, kisha nikaongeza kuwa shairi la vita vya Maldon halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo kuna kurasa zimechomolewa. Kijana akafungua utangulizi, akanisomea taratibu kama mwalimu wa chuoni. Vita hivyo, kati ya Waingereza na maharamia wa Viking, vilipiganwa mwaka 991. Hati ya shairi iliteketea kwa moto London mwaka 1731, na hata kabla ya moto ilikuwa imeshapoteza kichwa na mkia. Tunalo leo kwa sababu mtu alikuwa ameshalinakili.

Kwa kurasa za nondo alinirudishia shilingi 60, kumi kila ukurasa. Za Maldon akasema nikawadai Waingereza.