Afya ya mazingira: ujifunzie maabara au mtaani?

Kila msimu wa fildi ubishi huu hurudi kwa wanafunzi wa afya ya mazingira Dar es Salaam: ubaki maabara upime maji, au ushuke mtaani, kama Tandale, ukachore ramani na wakazi?

Kwenye uhakika wa majibu, maabara inashinda. Sampuli ya kisima ikikaa kwenye inkubeta, kabati la kutunza joto, nyuzi 44 kwa saa 24, bakteria wa kinyesi wanahesabika, hubishani na mtu. Ila haikwambii wametokea wapi. Hilo analijua mama wa nyumba ya tatu: masika ikinyesha kuna wanaotapisha vyoo usiku, yaani wanaachia kinyesi kitoke mferejini na maji ya mvua, na mfereji ule unapita kando ya kisima chenyewe. Atakuonyesha hadi tofali la choo wanalolitoa kukifungulia. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar ulioanza 2015, uliwakutanisha wanachuo na wakazi hivyohivyo kuchora maeneo yanayofurika.

Gharama? Maabara inakula vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na umeme. Mtaani ni nauli ya daladala na subira, maana bila mjumbe kukutambulisha hupewi hata kiti. Na watu wamechoka kuulizwa maswali bila kuletewa majibu, wana haki.

Kuhusu kudumu, naona mtaa una nafuu: kamati ya wakazi ikishajua kupima klorini, dawa ya kuua vijidudu, kisimani, itaendelea ukiondoka, mradi vipimo visiishe.

Unayelenga maabara za mamlaka ya maji, kaa na inkubeta. Anayetaka uafisa afya wa kata aanze na mjumbe. Mwenye wiki mbili tu asiende mtaani, ataishia kusalimia.