Vijana wa kusafisha kave hapa Bukavu: waite, lakini mizani iwe yako

Kwanza bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Tulipatana na kikundi hicho dola 70 kwa kave nzima, yaani chumba cha chini ya nyumba. Vyuma wakavinunua kwa kilo na kuitoa bei yake kwenye hesabu, mwishoni nikatoa mfukoni dola 41, ukiacha faranga za mikate na maji ya kunywa. Kuna kikundi kingine kilichotaka dola 30 tu na hakikuuliza swali lolote. Hao niliwarudisha getini.

Nyumba yetu iko mtaa wa Nguba, upande unaoteremkia Ziwa Kivu. Ni moja ya zile za wakati wa Wabelgiji zilizosimamishwa kwenye mteremko: kwa barabarani unaona nyumba isiyo na ghorofa, ukizunguka nyuma unakuta chumba kizima chini ya sakafu, chenye mlango wake. Marehemu baba alikuwa fundi wa magari, na jioni fundi wa redio za majirani. Hakuwahi kutupa hata skrubu. Mimi ni fundi wa kushona. Vyerehani vyangu vilikuwa vimejazana sebuleni, mama anasali rozari yake katikati ya makelele, wateja wanajaribia nguo chumbani kwangu. Na huko chini kulikuwa na nafasi ya kutosha warsha nzima, kama mtu angeiona sakafu.

Sakafu haikuonekana. Betri za magari, nyingine zimevimba ubavuni. Makopo ya rangi. Bidoni za mafuta ya vidanje, yale machafu yanayotolewa kwenye injini. Televisheni zile za mgongo mkubwa. Neoni, zile taa ndefu za mrija, zilizokufa, zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Mabati yaliyotolewa paa lilipobadilishwa, nyaya mafundo kwa mafundo, kasie (kreti) za bia ya Primus zenye chupa tupu, magunia ya vitabu vya shule vilivyoliwa na mchwa. Na panya, ambao sikuwahesabu kwenye mali ya urithi.

Hao wa dola 30, nilimuuliza mkubwa wao vitu hivi vitaenda wapi. Akanyoosha kidevu kuelekea bondeni. Kila mtu wa Bukavu anajua maana ya kidevu hicho. Kinachotupwa bondeni kinangoja mvua, mvua ikipiga kinashuka kwa mifereji na kwa mto Kawa mpaka ziwani, kisha maji yanakikokota taratibu mpaka pale maji yanapotoka ziwani na kuwa mto Ruzizi. Kilomita chache tu mbele liko bwawa la Ruzizi I, la mwisho wa miaka ya 1950, linalotupatia umeme sisi na ndugu zetu wa Goma. Chupa, mifuko, ndala, vitambaa, vyote vinajikusanya mbele ya bwawa na kuziba njia ya maji. Mashine inabidi isimamishwe, watu waingie majini kuvitoa. Hiyo siyo siri, wenye bwawa wenyewe wamelilalamikia jambo hilo miaka na miaka. Sasa mimi vyerehani vyangu viwili ni vya umeme. Nimlipe mtu dola 30 akanizimie umeme? Hapana.

Hawa wa dola 70 hawana ubao wala ofisi. Uliza wanunuzi wa mitraille, yaani vyuma chakavu, upande wa Essence hapa mjini, watakuonyesha. Kiongozi ni mwanaume wa makamo, sauti ndogo, anatembea na kaye (daftari) ya shule na tochi. Alikuja peke yake kwanza. Alishuka kave, akamulika, akaandika, akapanda, na swali lake la kwanza halikuwa la pesa.

“Mama, hivi vitu ni vya nani? Mwenyewe iko?”

Nikamwambia ni vya marehemu baba, kwa hiyo ni vya mama yangu, yuko juu.

“Basi tuongee na Koko kwanza.”

Koko ni bibi, yaani mama yangu. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mimi nilikuwa nimepanga mama aende kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Panzi siku ya kazi, asione. Kiongozi alikataa kabisa. Alisema nyumba ambazo mzee anafichwa ndizo wanazoitwa tena wiki inayofuata kutafuta kitu kilichopotea, na wanaitwa wezi.

Siku ya kazi walikuja wanne, na kiongozi wa tano. Walisema saa mbili ya asubuhi, wakafika saa nne. Hilo nalitaja tu, halinishangazi. Wakatandika shitingi (maturubai) tatu uani, wakamwekea mama kiti mlangoni mwa kave, na kila kitu kikapita mbele yake.

“Koko, hii inabaki ao inaenda?”

“Hiyo iko ya papa yao. Weka.”

“Na hii?”

“Hiyo pia.”

Nilikuwa nimesimama nyuma naona dola zangu zinayeyuka, maana shitingi ya vitu vya kubaki ilikuwa inakua kuliko nyingine zote. Kiongozi hakubishana naye hata mara moja. Alianza kuuliza: hii ilikuwa ya gari gani, Koko? Papa aliinunua wapi? Mama akaanza kusimulia, Land Rover ya mapadre, safari ya Uvira ambayo ekseli ilikatika Kamanyola, na katikati ya hadithi anasema mwenyewe, “Sasa iko inafanya nini hapa? Peleka.” Si kila kitu. Kuna kabureta moja ambayo mpaka leo inakaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na nimeambiwa nisiiguse.

Kwenye sanduku la bati tulikuta noti za zaire, pesa ya zamani ya Kongo. Si chache. Zilikuwemo zile za milioni tano, za mwisho wa 1992, ambazo watu walizikataa madukani, Mobutu na kofia yake ya chui amekutazama tu. Kijana mmoja wa kikundi, ambaye hakika alizaliwa baada ya faranga kuja mwaka 1998, alishika noti mbili akamuuliza mama kwa heshima zote: “Koko, kumbe mulikuwa mamilionea?” Mama alicheka mpaka akakohoa. Akampa moja. Zingine zinabaki, na sanduku lake.

Sasa kazi yenyewe. Nyaya hawakuzichoma. Hili nalisema kwa herufi kubwa, maana mtaani kwetu jioni ukinusa ule moshi mweusi ujue kuna mtu anatafuta shaba kwa njia ya mkato, na watoto wanauvuta. Hawa walikaa chini na visu wakazimenya waya kwa waya, polepole, mpaka nikaona wanapoteza muda. Kumbe shaba iliyomenywa inanunuliwa vizuri kuliko iliyoungua, kwa hiyo siyo wema peke yake, ni hesabu pia. Na mimi namwamini zaidi mtu ambaye wema wake una hesabu ndani.

Vyombo vya alumini wakaviweka kando kwa wale wanaoyeyusha na kumwaga sufuria. Mafuta ya vidanje yalichukuliwa na fundi seremala anayepaka nguzo zisiliwe na mchwa. Walimimina kwa faneli juu ya beseni, na tone lililoanguka likafunikwa na vumbi la mbao. Rangi zilizoganda waliziacha wazi zikauke kabisa. Zile za maji zilizokuwa bado nzuri waliniambia nipakie kuta.

Betri ndizo zilizonifanya nitoe simu na kupiga picha. Hakuna aliyeipindua wala kuifungua. Walizisimamisha kwenye beseni za plastiki, vichwa vimefungwa utepe ili visigusane na chuma. Moja ilikuwa imevuja na kula saruji. Kiongozi akaniomba bikarbonati, ileile ya kulainishia maharage, akamwaga pale, ikatoa povu, akangoja povu liishe ndipo akafagia, na glavu mkononi. Akanieleza kwamba risasi iliyo ndani ya betri, ile madini ya plomb, haina mchezo na watoto. Ikiwa vumbi au moshi inaingia mwilini, na ikishakula akili ya mtoto, kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo wao hawamuuzii mtu anayevunja betri uani na kumwaga asidi chini. Maneno ni rahisi, nikasema nitawafuata. Nilipanda nao teksi mpaka kwa mnunuzi, nikaziona zinapangwa nzima juu ya mbao, na asidi yake ndani, pembeni kuna nyingine za namna hiyo.

Kuna vitu walivikataa. Neoni, kwa sababu zina zebaki ndani, ikivunjika unaipumua. Televisheni, kwa sababu kioo cha nyuma kina risasi na mtu akikigonga kinaweza kumrukia usoni. Na bidoni moja isiyo na maandishi, yenye kitu cheusi kisicho na harufu ya mafuta. Kijana alitaka kufungua anuse, kiongozi akamkemea kwa Mashi, lugha ya Washi, harakaharaka, sikushika yote. Neoni alizifunga na vitambaa vyangu vibovu ndani ya katoni ndefu, bidoni akaitia ndani ya ndoo yenye mfuniko, televisheni akazigeuza uso ukutani, akaandika kwa chaki: MTOTO ASIGUSE. Kisha akaniambia: “Mama, hivi hatuna mahali pake, na hatutakudanganya.”

Jirani yangu anasema huo ni udhaifu, unalipa dola 70 halafu kona moja inabaki imejaa. Mimi naona ndiyo sababu ya kuwaita. Wale wa 30 wangebeba vyote, wangeondoka na tabasamu, na neoni za baba zingekuwa zinapasuka miguuni mwa watoto wa Kawa.

Nyuma ya mabati tukakuta ufa ukutani, wa kuingia kidole. Mama alijua mara moja: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Baba alisema atauziba, kisha akaegemeza mabati. Kiongozi akasema usipake rangi kabla mwashi hajaangalia. Hiyo ni bili nyingine, wala siyo kosa lao.

Sasa mabaya, na msiyapuuze.

Mizani yao inakula. Ni ile ya kuning'iniza, ya springi, na walipopima vyuma vya kwanza nikahisi kitu hakikai sawa, maana mimi vitambaa ninavinunua kwa kilo, mkono wangu unajua uzito. Nikamtuma mtoto kwa mchinjaji wetu akaazima ya kwake. Gunia lilelile likapanda kilo tatu. Kiongozi hakuona haya wala hakukasirika, alisema springi imezeeka. Huenda. Lakini springi iliyozeeka kwa upande wa mnunuzi peke yake, na mwenye mizani anaijua, mimi siiti uzee. Tukapima vyote upya kwa ya mchinjaji.

La pili limeniuma zaidi. Kutoka kave mpaka barabarani ni ngazi za mawe, gari halifiki. Vijana walileta mama wabeba mizigo, wale mnaowaona kila siku wamejikunja, kamba kwenye paji la uso. Ndio waliopandisha mabati, vitabu, kasie, karibu kila kitu kizito. Nikasikia wanalipwa kiasi gani kwa kila mzigo. Nikamwita kiongozi pembeni: “Papa, kijana anayekaa chini anamenya waya atapata mara ngapi ya huyu mama?” Akasema walishapatana naye kituoni kwa wabebaji. Nikajibu kwamba kituoni sikuwepo mimi. Hakuongeza. Niliongeza mwenyewe, mkononi mwao, siyo mkononi mwake. Ukiwaita, liweke kwenye mapatano mwanzoni kabisa: bei ya mama mbebaji ni ngapi kwa mzigo, na nani anatoa.

La tatu ni vumbi. Walifagia bila kunyunyiza maji, vumbi likapenya kwenye mbao za sakafu mpaka sebuleni, na gauni la bibi harusi lilikuwa limetundikwa pale. Nilimaliza jioni yangu na brashi. Hamishia nguo mbali, au simama mlangoni na ndoo uwalazimishe.

Chupa za kasie walizipeleka depo ya bia wakaniletea pesa yake kamili, na orodha kwenye karatasi ya kaye. Vitabu vilivyosalimika mama amewapa watoto wa mtaani kwetu, vilivyobaki vinawashia makaa.

Waite wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti. Mvua zikianza zile ngazi zinateleza na sitaki kuona mama mwenye bati la mita tatu mgongoni akianguka. Andaa bikarbonati, glavu za ziada, maji mengi ya kunawa maana bomba halina ahadi, na mizani ya mtu unayemwamini. Kama mwenye vitu yuko hai, muweke kitini na uwe na subira, siku itakuwa ndefu. Mchana wanakula fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kama umepika, usipopika hawasemi kitu ila kazi inapungua mwendo. Wanataka walipwe jioni hiyohiyo, na noti ya dola ikiwa na mchaniko hata wa ukucha hawaipokei.