Trela zangu mbili na mashine ya blasti: niliyoyaona Mombasa

Nina trela mbili za kubebea makontena ya futi 40, zile zisizo na sakafu, zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini. Hapa Mombasa kutu haina likizo. Kwa miaka nilifanya wanavyofanya wengi pale Changamwe na Miritini: vijana wawili, grenda yenye brashi ya waya, msasa, kisha rangi juu. Miezi sita haipiti, rangi inavimba malengelenge. Brashi ya waya hung'arisha kutu, lakini ile iliyojificha ndani ya vishimo hubaki palepale.

Mwaka jana nikaamua kupeleka trela ya kwanza kwenye karakana moja upande wa bara yenye mashine inayopiga blasti yenyewe, yaani inasafisha chuma kwa kukirushia chembe za chuma kwa kasi. Siku ya kwanza walinirudisha. Sahani ya kingipini, ile pini inayoishika trela kwenye kichwa cha lori, ilikuwa imejaa grisi, na msimamizi akaniambia, "Mzee wangu, grisi hii ikiingia kwenye chembe zetu, itapakaa hata chuma cha mwenzio." Nilikasirika, ila alikuwa na haki. Tukarudi nyumbani tukafungua ekseli, springi, mabomba ya upepo, nyaya za taa na kufuli za kontena, tukaiosha chesisi, na kingipini tukaifunika isije ikapigwa. Madigadi ya bati na sanduku la spana tuliviacha nje, maana bati jembamba hujikunja likipigwa.

Mashine yenyewe inafurahisha kuitazama. Chesisi inatundikwa kwa minyororo kwenye reli ya juu, inaingia polepole kupitia mapazia ya mpira. Ndani kuna magurudumu yanayozunguka kwa kasi na kurusha chembe za chuma kutoka pande zote. Hakuna mtu ndani. Chembe zikianguka, zinakusanywa chini ya sakafu, zinapandishwa juu, upepo unatenga vumbi na kutu, kisha zinarushwa tena. Nilikuwa nikiwaona vijana wakipiga mchanga mkavu kwa kompresa huku wamejifunga leso puani, na vumbi la mchanga ule ndilo linaloleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kwa hilo peke yake naisifu mashine hii.

Chesisi ilitoka kijivu cheupe, ukiipapasa ni kama msasa. Ndipo tukauona ufa, karibu shubiri nzima, kwenye kona ya shingo ya trela, pale panapobeba uzito wote wa mbele. Rangi juu ya rangi ilikuwa imeuficha sijui tangu lini. Nilisimama kimya nikifikiria dereva wangu akiteremka Mazeras na tani ishirini na kitu mgongoni.

Fundi wa kulehemu aliitwa, akauchimba ufa na kuujaza upya, kazi ikaisha magharibi. Ilikuwa Mei, masika yamekolea. Chesisi ikalala uchi chini ya banda. Asubuhi ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa, kama iliyopakwa manjano. Karakana wakataka kupiga praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, vivyo hivyo, wakisema ni kutu nyepesi tu. Nilikataa, tukabishana, mwisho ikarudi mashineni na gharama tukagawana. Hapo sikuridhika nao hata kidogo. Wao ndio wenye kujua kwamba chuma kilichopigwa blasti pwani hakilali bila praima, na kwamba joto la chuma lazima lizidi kiwango cha umande, lile joto ambalo umande huanza kutanda, kwa nyuzi 3 au zaidi kabla ya kupaka.

Trela ya pili niliipeleka Februari, kaskazi, nikiwa na masharti yangu. La kwanza, maji. Mara ya kwanza tulioshea maji ya kisima, na visima vingi vya Mombasa vina chumvi. Tulikuwa tunaosha chumvi kwa chumvi. Chembe hazitoi chumvi iliyojipenyeza kwenye vishimo, huweza hata kuikandamiza zaidi. Safari hii nililipia boza ya maji matamu. Wakapima chumvi kwa kibandiko kidogo chenye maji safi, na walipopata imezidi upande wa nyuma, tukaosha tena.

La pili, ipigwe mara mbili. Mara ya kwanza ili tukague maungio yote na kulehemu panapohitajika, mara ya pili asubuhi mapema, kupitishwa mashineni mara moja haraka, ndipo praima. Ilitoka mashineni saa mbili, wakaikagua kwa kiwango cha Sa 2½, kipimo cha usafi wa chuma kilichopigwa blasti, wakapima ukwaru wa chuma ukawa kati ya maikroni (elfu moja za milimita) 60 na 75, na kabla ya saa sita praima ya epoksi yenye zinki ilikuwa imeshapakwa yote.

Kuna sehemu mashine haifiki. Chembe haipindi kona, kwa hiyo nyuma ya vibati vya kona na ndani ya boriti fundi alimalizia kwa bomba la mkono. Na hakikisheni wamepuliza chembe zote zilizobaki. Kwenye trela ya kwanza zilisahaulika chache ndani ya mfereji wa boriti, zikapakwa rangi zikiwa mle mle, na sasa zinatoa machozi ya kahawia.

Bei ni zaidi ya mara mbili ya ile ya grenda, na kuvua na kurudisha vifaa kulinipotezea siku nne za kazi. Kwa trela ya pili ningelipa tena leo hii. Imepita masika nzima, na nikilala chini yake na tochi sioni lengelenge hata moja. Ya kwanza nairudisha kaskazi ijayo, na boza ya maji nimeshaiweka kwenye hesabu.