Kutoka saa feki mpaka Tudor orijino: uzoefu wangu

Saa yenyewe ni Tudor Black Bay Fifty-Eight, saa ya Uswisi, ile ya uso mweusi na alama za rangi ya dhahabu, milimita 39, mkanda wa chuma. Nimeinunua mpya Dubai kwa wakala rasmi na tangu hapo naivaa kila mahali, kazini, harusini, baharini, jikoni nikiosha vyombo. Kwa anayetaka jibu la haraka: ndiyo, inastahili hela yake. Ila sababu zilizonifanya niseme ndiyo zimekuja baada ya kuivaa, wala sikuzijua wakati naweka akiba, kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza mjue natokea wapi. Mi nimekusanya kopi kwa miaka, na nilikuwa nachagua, sinunui tu kila kinachong'aa. Submariner na Datejust za Rolex, Seamaster ya Omega yenye mawimbi kwenye uso, Nautilus ya Patek Philippe, Royal Oak ya Audemars Piguet, zote zimepita mkononi mwangu. Za mwanzo zilikuwa za Kariakoo, zile za betri, mshale wa sekunde unaruka tik tik tik wakati Rolex ya sasa ni ya mashine na mshale wake unateleza, yaani hapo tu mtu anayejua ameshakujua. Baadaye nikapanda daraja nikawa naagiza kwa watu wanaofuata mizigo Guangzhou, na huko mambo ni mengine, unapata chuma safi, kioo cha safaya kisichoshika mikwaruzo hovyo, mashine ya otomatiki iliyoigwa kwenye ile ETA 2824 ya Uswisi, uzito upo, na mtu aliyekaa mbele yako mezani hawezi kusema kitu. Nalisema hili wazi maana wengi wakishanunua orijino wanaanza kuzitukana kopi kana kwamba zote ni bati, siyo kweli, kopi ya daraja la juu imetengenezwa na watu wanaojua kazi na mi nilizipenda kwa dhati.

Shida inaanza pale unapotaka ifanye kazi ya saa.

Ile kopi ya Submariner nilikuwa naipenda kuliko zote. Usoni imeandikwa mita 300 kama ilivyo kwenye yenyewe, kitufe cha pembeni cha kurekebishia kinafungwa kwa kukaza kama skrubu, kila kitu kipo. Tukaenda Kigamboni na familia, nikaingia nayo majini mpaka kifuani tu, sikupiga mbizi wala nini. Kutoka pale juani naona ukungu ndani ya kioo, kwanza kidogo pembeni halafu ukasambaa mpaka mishale siioni vizuri. Nikampigia aliyeniuzia, akanijibu bila wasiwasi, kaka hiyo ni ya kuvalia, siyo ya kuogelea. Nikaipeleka kwa fundi saa ninayemwamini, mzee wa siku nyingi, kafungua mfuniko wa nyuma akanionyesha ile ringi ya mpira inayozuia maji, nyembamba na imelala upande mmoja, na uzi wa kile kitufe umeshaanza kusagika kwa ndani. Gurudumu moja kwenye mashine limeshika kutu. Katafuta kwenye makopo yake gurudumu la mashine inayofanana, akajaribu, halikai, maana hizi za kuiga kila kiwanda kinakata vipimo vyake. Akaniambia, "Kijana wangu, hii haina kwao. Spea nitaifuata wapi?"

Sentensi ile ndo iliyonipeleka Dubai, kwakweli. Nilikuwa na droo nzima ya saa na hakuna hata moja ambayo ikifa kuna mtu duniani anawajibika nayo.

Sasa kwa nini Tudor wakati nimezoea kuvaa maumbo ya Rolex? Bei ni sababu ya kwanza na siifichi, Submariner mpya inakwenda zaidi ya mara mbili ya hii, na hata ukiwa na hela mkononi duka rasmi watakuandika kwenye orodha usubiri, na wa mitaani anayekupa leoleo anaongeza chake juu. Lakini nilipoanza kusoma nikakuta Tudor siyo ndugu wa mbali. Hans Wilsdorf, yuleyule aliyeanzisha Rolex, jina la Tudor lilisajiliwa kwa ajili yake mwaka 1926, na nia yake ilikuwa kuwapa mawakala saa ya bei nafuu zaidi ambayo bado inaaminika kama Rolex zake. Kwa miongo mingi ilikuwa inatumia mashine za kununua nje, sasa hivi nyingi ni za kwake, hii yangu ina mashine inayoitwa MT5402 kutoka kiwanda cha Kenissi ambacho Tudor wenyewe ndo walikianzisha. Jeshi la wanamaji la Ufaransa lilivaa Submariner za Tudor, maana nao walikuwa na zao, kwa miaka na miaka. Na hiyo 58 kwenye jina ni mwaka 1958, ilipotoka Tudor yao ya kwanza ya kuhimili mita 200. Yaani ukiwa mpenzi wa yale maumbo, hapa hujaiga kwa mtu, umeingia ndani ya ukoo wenyewe. Alafu mishale yake ile yenye pembe, wanaita snowflake, ni ya Tudor tangu 1969, Rolex hawana.

Kununua kwenyewe. Nenda kwenye tovuti ya Tudor kuna orodha ya mawakala rasmi kwa nchi, chagua pale, usiende kwa kuelekezwa na mtu uliyekutana naye Deira au Karama, mitaa ya Dubai, kule utaitwa kila hatua mbili, "watch, my friend", na ni zilezile nilizokuwa nazo kwenye droo. Bei ilikuwa kwenye dola 4,000, kwa huku kwetu hiyo ni hela ya Vitz ya mkononi nzuri tu, lazima niseme ili mtu asikurupuke. Nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa maana nilivaa kawaida, tisheti na raba, haikutokea. Dada aliyenihudumia kaniwekea tatu mezani, akaniacha nizijaribu kwa muda ninaotaka, hakunisukuma. Nilipochagua akaja fundi wao akatoa vipande vya mkanda kwa bisibisi, maana vimefungwa kwa skrubu na siyo vile vipini vya kugongwa na nyundo, akanipimia mkononi mpaka ikakaa sawa. Kadi ya garantii ikaandikwa mbele yangu, namba yake inalingana na namba iliyochongwa kwenye saa, nikahakikisha tarakimu moja moja. Garantii ni miaka 5, na ukiiuza inahamia kwa mnunuzi, huhitaji kujisajili popote.

Kitu ambacho wengi wanakiacha pale: kodi. Emirates wana VAT ya asilimia 5 na mgeni anarudishiwa sehemu kubwa ya ile kodi, ukitoa na ada ndogo. Unamwambia muuzaji kabla hajakata risiti, unampa pasipoti, halafu uwanja wa ndege unapita kwenye kaunta ya Planet, kampuni inayorudisha hiyo kodi, KABLA ya kukabidhi mabegi, na saa uwe nayo mkononi au karibu maana wanaweza kutaka kuiona. Kwa saa ya bei hii siyo hela ya kuacha.

Haya, sasa kuivaa.

Kitu cha kwanza nilichokisikia ni ile duara ya juu ya kuzungusha. Kwenye kopi zangu zote, hata ile nzuri, ukiizungusha ukaiachia inacheza kidogo, inarudi nywele moja nyuma, na ile pembetatu haikai sawasawa juu ya 12, unabaki unaisogeza kwa kucha. Hii ina mibofyo 60, mmoja kwa kila dakika, kila mmoja unausikia kidoleni, na inapokaa imekaa, mstari umelala juu ya mstari. Nikikaa kwenye foleni ya Mwenge naizungusha tu bila sababu. Kitufe cha pembeni nacho, kina ua la waridi limechongwa, ukikifungua kinaruka taratibu kwa springi na ukikirudisha kinashika uzi mara ya kwanza bila kutafuta tafuta. Ni vitu ambavyo kwenye picha havionekani kabisa, na ndo maana kopi hazihangaiki navyo, kopi inatengenezwa kwa ajili ya jicho.

Muda. Hii mashine imepimwa na COSC, taasisi ya Uswisi, siku 15, mikao mitano na joto la aina tatu, na sharti lao ni isitangulie zaidi ya sekunde 6 wala kuchelewa zaidi ya 4 kwa siku, halafu Tudor wanasema wao wanabana zaidi, kati ya kuchelewa 2 na kutangulia 4. Mi naipima kwa saa ya simu na inatangulia kidogo sana, ipo ndani ya hiyo mipaka. Kopi zangu zilikuwa na tabia, leo inawahi kesho inachelewa, ukiilaza karibu na spika inachanganyikiwa kabisa. Hii springi yake ya ndani ni ya silikoni, sumaku haiishiki. Na ikijaa inakaa saa 70, yaani naivua Ijumaa jioni nikivaa nyingine wikiendi, Jumatatu asubuhi naikuta bado inakwenda na muda ni uleule.

Maji, nimerudi Kigamboni nayo, safari hii nikazama kabisa. Nilitoka nikaiangalia juani kwa muda mrefu, kavu. Nikaisuuza kwa maji baridi kutoa chumvi, basi.

Yasiyonipendeza nayo yapo. Mkanda una vichwa vya misumari pembeni vinavyofanana na mikanda ya zamani, lakini havishiki kitu, ni urembo, na kwa mtu anayetoka kwenye vitu vya kuiga kuona kitu cha kujifanya kwenye saa ya hela hii inaudhi kweli. Toleo langu pia halina ule mfumo wa kurefusha mkanda papo hapo kwa vidole, na kwa joto la Dar mkono unavimba mchana, inabidi nitumie kitu chenye ncha kusogeza nafasi pale kwenye kifungo. Ile duara ya juu ndani yake ni alumini, siyo seramiki, itakwaruzika na kupauka na miaka, wapo wanaopenda hivyo, mi naona kwa bei hii wangetupa kigumu zaidi. Service pia huwezi kupeleka popote, ikifika muda inarudi kwa wakala rasmi na gharama yake anza kuiweka pembeni mapema.

Usalama watu wananiuliza sana. Faida ya Tudor ni kwamba mtaani haijulikani. Kopi ya Rolex ya dhahabu ilikuwa inaniletea macho ya bodaboda kila taa nyekundu, hii hakuna anayeigeukia. Kama unanunua ili watu wajue, hii haitakufaa, utabaki na hasira.

Kwa anayetaka kuhama kutoka feki na hana dola elfu nne, sikiliza, huhitaji. Kopi nzuri za Guangzhou nilizokuwa naagiza, hela hiyohiyo inanunua Seiko 5 mpya ya otomatiki, au Citizen Eco-Drive ambayo inajichaji kwa mwanga na husumbuki na betri. Hata Casio ya kawaida kabisa ya plastiki ni saa ya kweli, imetengenezwa na kampuni inayoiwekea jina lake. Ningemshauri mtu aanzie hapo, na nakazia hili kuliko yote niliyoandika kuhusu Tudor. Na ukinunua ya mkononi, kadi na boksi visikutulize, hivyo navyo vinafojiwa, na Tudor zenyewe kopi zipo. Fungueni nyuma kwa fundi mkiwa wote watatu, wewe, fundi na muuzaji. Muuzaji wa kweli hakatai.

Zile za kwenye droo kuna watu walizitaka, mmoja akatoa hela nzuri tu, lakini nilijua anakwenda kumuuzia mtu mwingine kama orijino, nikakataa. Biashara ya bidhaa bandia hapa ni kosa, FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanazikamata na kuziteketeza, na hata kama wasingekamata, sitaki kuwa mtu wa katikati kwenye kumwibia mtu. Nyingine nimempa yule fundi avunje apate vioo na vipini, kasema vioo vitamfaa.

Mdogo wangu aliniomba ile Datejust. Nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, kuna Seiko 5 ya uso wa bluu nimeiona Posta na mwenye duka kakubali kuipunguza.