Kitanda cha mwanangu kutoka Keko: nilivyokipata kwa chini ya laki mbili na nusu

Tulikuwa watatu kwenye kitanda cha tano kwa sita, na wa nne alikuwa njiani. Binti yangu alikuwa na miaka miwili na miezi minne, usiku anazunguka kama mshale wa saa, na mateke yake yalikuwa yameanza kunifika tumboni. Mimba ilipotimiza miezi sita nikamwambia baba yake kwamba huyu apate kitanda chake mapema, asije akaona kafukuzwa na mdogo wake. Tulitenga shilingi 250,000: kitanda, godoro na usafiri humo humo.

Nilianzia madukani. Vitanda vya watoto vipo, vingine vina umbo la gari, na kile nilichokipenda kiliuzwa 550,000 bila godoro. Bei ilinishinda, lakini hata ningekuwa nayo nisingekinunua, kwa sababu ya vipimo: sentimita 70 kwa 140. Wauza magodoro wetu wanauza kwa futi, mbili na nusu kwa sita, tatu kwa sita na kuendelea, kwa hiyo ingebidi nikatiwe godoro maalumu, kisha baada ya miaka michache miguu ya mtoto ianze kugusa mwisho. Isitoshe kilikuwa cha MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. Kwa joto na unyevu wa Dar, na mtoto ambaye bado anakojoa usiku, ubao ule ukishakunywa maji unavimba na skrubu hazishiki tena.

Kwenye mitumba nilikuta kitanda cha vizuizi pande zote kwa 90,000, mbao nzito, kizuri kwa macho. Upande wake mmoja unapanda na kushuka kwenye reli, na muuzaji alinionyesha hilo kama sifa. Nilikiacha palepale. Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vya aina hiyo mwaka 2011, kwa sababu upande ule ukilegea unaacha mwanya kati ya mbao na godoro, na watoto walinasa humo wakafa kwa kukosa hewa. Ukikutana nacho, hata kwa elfu ishirini, tafadhali usimchukulie mwanao. Na kwa umri wa binti yangu vizuizi vya pande zote havikuwa na kazi tena: mtoto akishafika kimo cha sentimita 89 hivi anaweza kuvipanda, na akianguka kutoka juu yake anaumia zaidi.

Bibi yake alishauri tuweke godoro chini tu. Tuliweka, wiki tatu za mwezi wa nne, mvua za masika zimechachamaa. Siku nilipoligeuza nilikuta ukungu mweusi umetanda upande wa chini. Hewa inahitaji kupita chini ya godoro, na hapo ndipo nilipojua ninachotaka: kitanda cha kawaida cha mbili na nusu kwa sita, ila kifupi. Chaga ziwe inchi 8 kutoka sakafuni, godoro la inchi 4 juu yake, mtoto alale futi moja tu kutoka chini.

Keko, hapa Dar, mafundi wamejipanga barabarani, na nilizunguka kwa watatu kabla ya kukubaliana na mmoja. "Dada, nikunyanyulie kidogo upate pa kuweka mabegi," aliniambia. Nikamwambia mabegi yana pa kukaa, huyu akianguka nataka aanguke futi moja. Alianzia 180,000, tukamalizana 135,000 kwa mbao za msonobari. Mninga na mkongo ni imara zaidi, lakini bei ingekaribia mara mbili.

Jambo nililolishikilia sana ni mbao zenyewe. Alikuwa na mabaki ya mbao za kenchi, zile zenye rangi ya kijani, na alitaka kuzitumia kwenye mfumbati, ule ubao wa ubavuni mwa kitanda, kwa kuwa haziliwi na mchwa. Nilikataa. Dawa ile ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Imekusudiwa paa, na mwanangu wakati ule alikuwa anang'ata kila ubao unaomfika mdomoni. Alinielewa, akachagua mbao nyeupe zilizokauka.

Nilipokosea mimi ni kwenye godoro. Niliagiza kitanda kwanza, godoro jipya nikanunua baadaye kwa 75,000. Kilipofika nyumbani ukabaki mwanya wa inchi mbili na nusu ubavuni, mkono wangu mzima unapita. Kwa mtoto mdogo mwanya haufai kuzidi vidole viwili. Fundi alikuja akapigilia ubao mwingine kwa ndani, na siku hiyohiyo akaongeza chaga kutoka 7 hadi 12, maana godoro lilikuwa linabonyea katikati. Hayo yote alinitoza 10,000. Anza na godoro, lipime kwa futi kamba mwenyewe, halafu mpe fundi vipimo vya ndani ya kitanda, si vya nje.

Kizuizi kipo upande mmoja, ule mwingine uko ukutani. Kinaanzia kichwani na kuishia nusu ya kitanda ili ashuke mwenyewe kwenda kujisaidia. Kimepanda inchi 6 juu ya godoro, na kati ya fito na fito ni inchi 2, kichwa hakipiti. Nilimwambia akifunge kwa bolti upande wa nje wa mfumbati, na nashukuru nililiwaza hilo, kwa sababu neti inashuka ndani ya kizuizi na kuchomekwa chini ya godoro bila kuacha upenyo wa mbu. Neti nilipewa kliniki ya wajawazito, bure.

Kirikuu ilinichukulia 15,000, mpira wa kuzuia mkojo 8,000, jumla ikawa 243,000. Lakini usidhani alikilalia siku hiyo. Vanishi ilikuwa inanuka kiasi cha kuchoma pua, kwa hiyo kilikaa barazani siku 12 ndipo nikakiingiza ndani.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aanze kukilalia. Ameanguka mara moja, kupitia ile nusu isiyo na kizuizi. Alijikunja mkekani akaendelea kulala, nikamkuta hapo alfajiri. Msonobari haujapinda. Kinachohitaji macho yangu ni bolti za matendegu, zinalegea kwa jinsi anavyorukaruka, na kila mwisho wa mwezi nazikaza kwa spana namba 13.