Another kwenye blu-ray: uzoefu wangu, na yule kijana wa Kariakoo simsamehe

Nianze na hasira kabisa zitoke. Kama hujaiona Another, hii anime (katuni ya Kijapani) ya kutisha, na una mpango wa kuiona, CD yake usimuoneshe mtu, usiiweke juu ya kaunta ya mtu, viringisha kwenye kanga ukimbie nayo nyumbani. Mimi sikujua, mimi niliibeba mkononi kama mtu aliyebeba mkate.

Iko hivi. Episodi mbili za kwanza nliziona zamani kwenye simu, bando likakata, nikajisemea hii kitu si ya kuangalia kwenye kioo cha simu chenye ufa, hii nitaitafutia siku yake. Siku ikawa miaka. Binamu yangu anaishi Minnesota, alivyosema anakuja likizo akauliza nikuletee nini, wenzangu wanaagiza viatu na manukato, mi nikamwambia niletee Another, episodi zote kumi na mbili, ile ya blu-ray (CD ya picha safi kuliko DVD) maana nina deki ya blu-ray ambayo shemeji aliniletea toka Dubai na miaka yote hiyo imekaa inacheza CD za harusi tu. Akacheka sana ila akaleta. Hii ilikuwa sijui kabla ya mfungo au baada, mvua zilikuwa bado.

Usiku wa kwanza nimepika mapema, nimezima taa, nimeingiza CD. Deki inaguna, inaguna, afu skrini inaniletea kimaandishi cha kukataa. Nikaitoa nikaifuta na kanga. Nikaipuliza. Nikaipiga deki kofi kidogo pembeni kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Wapi. CD ya harusi ya dada nikiweka inacheza vizuri tu, bibi harusi analia, MC anapiga kelele, hii ikiingia inatemwa. Nikajua basi, lenzi imechoka, CD nzito imeishinda.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja, simtaji, duka lake simtaji, ni yale ya kuingilia kwa ubavu. Hela ya kuangalia tu elfu kumi na tano. Kuangalia! Nikalipa. Akachukua bisibisi akaifungua deki yangu ambayo haijawahi kufunguliwa toka izaliwe, akaichungulia kama daktari wa meno, akasema "dada, lenzi hii". Kava nimeliweka pale juu ya kaunta, na ndo kosa langu, maana nyuma yake kulikuwa na kijana wake anachomelea waya, ana miaka kumi na tisa hivi, akainua shingo akaliona akafurahi kama ameona ndugu yake. "Aah sista, hii nishaimaliza kitambo, kali sana hii, yaani mpaka mwisho huwezi jua kumbe maiti ni…" na akataja. Akataja jina jamani. Hajaniuliza umeshaiona, hajapumzika hata kumeza mate, kataja jina karudi kwenye waya zake.

Mi nikabaki nimesimama. Nikamwambia mdogo wangu, mbona umeniharibia? Hapo ndo yule fundi mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, akanigeukia bisibisi mkononi: "Dada, katuni tu hizo, mbona macho yamekutoka? Nyumbani huna watoto wakuoneshe nyingine?"

Nimerudi na hiyo sentensi mpaka Tabata kwenye daladala. Nimelala nayo.

Sasa ngoja nieleze kwa nini ni kosa la kumshtaki mtu, kwa wasiojua hii kitu. Stori ni mwaka 1998, mji mdogo wa Japani unaitwa Yomiyama, mvulana anaitwa Koichi Sakakibara anahamia pale kutoka Tokyo, mapafu yanamsumbua, anaanzia hospitali kabla hata hajafika shule. Anapangiwa darasa la 3-3, yaani mwaka wa tatu, mkondo wa tatu. Hilo darasa lina balaa lake, miaka ishirini na sita nyuma mwanafunzi mmoja aliyependwa alifariki, wenzake wakakataa kukubali wakawa wanajifanya bado yupo, wanamsemesha, kiti chake kipo. Toka hapo kuna miaka mtu mmoja anazidi darasani. Viti vinapungua kimoja na hakuna anayejua nani kazidi, sababu huyo aliyezidi ni marehemu, na mwenyewe hajui kama ni marehemu, na kumbukumbu za watu zimegeuzwa, madaftari ya majina nayo yamegeuka. Na mwaka akiwepo, kila mwezi watu wanakufa, wanafunzi au ndugu zao wa karibu. Sirizi nzima, narudia, NZIMA, inasimama kwenye swali moja tu la nani maiti. Na mimi nimejibiwa bure na mtu anayechomelea waya. Bure gani, kwa elfu kumi na tano.

Haya, na hiyo lenzi. Wiki kama mbili fundi ananizungusha, lenzi inakuja, lenzi iko bandarini, siku hiyo binamu ananipigia nikamsimulia akanyamaza kidogo afu akaniambia hebu geuza kava nyuma, angalia chini kabisa kuna kialama chenye herufi. Nikatafuta mpaka na tochi ya simu. Kipo, kidogo kama chawa, herufi A. Kumbe blu-ray dunia wameigawa vipande, Marekani na Japani ni A, Ulaya na Uarabuni na Afrika yetu ni B, na deki ya Dubai ni B, hawa wawili hawajuani na hawatajuana. Yaani CD ni nzima. Deki ilikuwa nzima, mpaka fundi alipoifungua. Hakuna kitu kilichoharibika popote isipokuwa mtu kaamua huko kwamba nililolipia Marekani nisilione Tabata. Hivi mtu akinunua sufuria Marekani inakataa kupika wali huku? Na fundi wa miaka yote hiyo hajui hiyo herufi? Au alijua?

Kwa hiyo kama unauliza toleo la blu-ray nalipatia nyota ngapi, sifuri, sijaliona. Lina kava zuri.

Binamu kwa huruma akatuma ya DVD kupitia kwa mtu. Nayo dunia wameigawa, ila kwa namba, wao 1 sisi 5, nikasema haya tumerudi kule kule. Ila mama yangu mdogo ana kale kadeki ka Kichina ka bei ya kutupa, rimoti imefungwa na raba, kile kitu hakiulizi ulizaliwa wapi. Nimeingiza, imesoma. Hapo hapo. Nikataka kulia.

Basi tukaiangalia mimi na mama mdogo, siku mbili, sauti ya Kijapani (ya Kiingereza ipo, nliijaribu dakika tano nikarudi), mimi nasoma sabtaito namtafsiria kama wale wa vibanda umiza. Na nataka kusema, mama mdogo ndo mwenza bora wa kuangalia nae hii kitu. Kuna binti anaitwa Mei Misaki, jicho la kushoto amelifunga, anakaa dawati bovu la zamani peke yake na darasa zima hawamsemeshi, wanapita kama hayupo, na episodi za mwanzo zinataka udhani yeye ndo mzimu. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, huyo si mzimu, huyo katengwa tu. Mzimu ni mmoja wa hao wanaocheka." Episodi ya pili hiyo! Mimi nina jibu moyoni nimebana mdomo, namwangalia tu. Na nilivyomweleza habari ya marehemu asiyejijua anaenda shule na wenzake, wala hakushangaa, "msukule huyo, ila huku kwetu msukule angalau aliyemfuga anajua." Nikatetemeka kuliko nilivyotetemeshwa na sirizi yenyewe.

Halafu mwavuli. Episodi ya tatu, mvua, mwanafunzi anaitwa darasani kwamba mama yake kapata ajali, anatoka mbio na mwavuli wake, anateleza kwenye ngazi, mwavuli unatangulia kufika chini. Sisemi zaidi. Hakuna jini, hakuna mkono uliomsukuma, ni maji tu kwenye ngazi. Na hapo hapo umeme wa LUKU ukaisha. Mama mdogo alipiga yowe jirani akaja na panga. Mpaka leo mwavuli wake anauweka nje kwenye veranda.

Sasa hapa ndo panaponichanganya, na nimekaa wiki sitaki kuandika hii sehemu. Pale kwa bibi yake Koichi kuna ndege wa kwenye tundu anayeiga sauti za watu. Toka mwanzo anauliza "kwa nini? kwa nini?" Kwa Kijapani. Mtu asiyejua atamwona kichekesho, kapambo tu ka nyumba. Mimi nilijua jina, kwa hiyo ile mara ya kwanza ndege anafungua mdomo nikaelewa ile sauti kaiga wapi, ni nani waliokuwa wanalia mbele ya lile tundu mpaka ndege akashika. Nikasimamisha CD. Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kiberiti. Nisingejua ningepitwa, ningekuja kukumbuka mwishoni kabisa au nisikumbuke. Kwa hiyo yule kijana kanipa kitu. Sikusema kanifanyia vizuri! Kanipa kitu ambacho sikumuomba, na bado simsamehe, na ndege yule bado namsikia nikiosha vyombo.

Kuna kaseti pia, mwanafunzi wa miaka kumi na tano nyuma alirekodi ujumbe akaificha kwenye jengo la zamani la shule, watoto wanaipata, wanaisikiliza, inafika patamu utepe unakatika. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Afu mwenzao mmoja anaichukua anaitengeneza. Mtoto wa shule, bila elfu kumi na tano ya kuangalia. Na siwaambii kaseti inasema nini, mimi si kama watu wengine.

Malalamiko yapo. Zile picha za midoli zinazopitapita katikati ya mazungumzo, mwanzo zinatisha, ya hamsini unakuwa umeshazizoea unaona vumbi. Na episodi za mwisho kule kwenye kambi ya likizo, moto, kila mtu ghafla kashika kitu chenye ncha, mama mdogo aliyekuwa amejifunika shuka akalifunua akaanza kucheka, "hawa sasa wamechoka kuandika". Nusu namkubalia. Ila dakika zile za mwisho kabisa, pale Koichi anapojua na lazima afanye anachofanya, mama mdogo alinyamaza afu akaniuliza, "ulikuwa unajua wewe?" Nikasema nilijua. Akasema "ndo maana ulikuwa unanitolea macho," akanuna mpaka asubuhi.

Nyota nne. Hapana, tatu, kwa ajili ya ile kambi. Nne, kwa ajili ya ndege.

Deki yangu bado iko kwa fundi na nimeambiwa skrubu mbili hazionekani. Blu-ray ninayo, haijawahi kusomwa hata mara moja, haina mkwaruzo, mwenye deki ya A hapa Dar aje achukue kwa bei ya soda. Ila anayefanya kazi ya kuchomelea waya Kariakoo asijisumbue.